Waraka wa Wazi kwa EPRA: Kabla Fundi Hajafungua Kisanduku

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA),
Upper Hill, Nairobi.

Nakala: Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini.

KUH: USALAMA WA WANAOKAGUA STIMA KATIKA MITAA YA EASTLANDS

Mkurugenzi Mkuu,

Tunaandika kwa niaba ya gazeti hili na wasomaji wake wa Kaloleni, Maringo, Jericho, Buruburu, Umoja, Kayole, Dandora, Kariobangi, Tassia na Pipeline. Tunakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, hii ndiyo lugha ambayo fundi na mwenye nyumba hupatana bei mlangoni. Pili, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu mwananchi kuandika ombi lake kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na waraka huu ni ombi. Wasomaji wetu wanausoma pamoja nawe, na jibu lako watalisoma vilevile.

Tuanze na shukrani panapostahili. Mwananchi anaweza leo kuangalia sajili ya Mamlaka yako na kujua kama fundi aliyemwita ana leseni. Nyumba mpya haipaswi kufungiwa mita kabla mkandarasi mwenye leseni hajatia sahihi cheti cha kukamilika kwa kazi. Huo ni ulinzi, na umefanyiwa kazi miaka mingi. Cheti hicho hushuhudia hali ya waya. Tunalokuletea leo ni hali ya mtu aliyeushika waya huo ili cheti kipatikane, na ya yule atakayeushika tena miaka kumi baadaye mpangaji akilalamika kwamba soketi inanuka moshi.

Tunamtenga mkaguzi na mafundi wengine kwa sababu moja. Anayetandaza nyaya katika jengo jipya hufanya kazi kabla mita haijafungwa, na waya alioshika hauna uhai. Anayekagua kilichokwisha kufungwa hukuta stima imo ndani. Ameitwa kwa sababu kuna kasoro, na hajui kasoro yenyewe iko wapi. Skrubu iliyolegea, ganda la waya lililoungua, bati la kisanduku linalopitisha stima: vyote hivyo huvigundua kwa mkono na jicho lake. Kwa hiyo dakika chache kabla hajafungua kisanduku ndizo zenye thamani kuliko zote, na ndizo tunazoona zikipita bila utaratibu wowote.

Tazama ploti ya gorofa saba pale Pipeline. Mita zimepangwa safu chini ya ngazi, penye giza hata saa sita mchana. Maji ya ndoo yamemwagika sakafuni. Watoto wanapita kwenda shule. Namba zilizoandikwa kwa chokaa juu ya mita zimefutika, na chumba cha 4B kimegawanywa mara mbili tangu zilipoandikwa. Fundi anauliza swichi ya chumba hicho ni ipi. Keateka anaonyesha kwa kidole, bila hakika. Hapo ndipo kazi inapoanza. Hakuna aliyeuliza maji yatafagiliwa na nani, wapita njia watazuiwa vipi, wala fundi akirushwa na stima ataangukia wapi. Wengi huumizwa na ngazi na saruji baada ya mshtuko ambao wenyewe ungewaacha hai. Je, Mamlaka yako inamtaka mwenye leseni aandike popote hatari alizoziona kabla ya kugusa waya? Kama inamtaka, tunaomba utujulishe ni katika fomu ipi. Kama haimtaki, tunaomba ianze.

Sheria ya msingi ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu kila mahali mtu anapofanya kazi, iwe kwa muda au daima. Ngazi ya ploti ni mahali pa kazi kwa saa ile fundi anaposimama hapo na bisibisi yake. Kifungu cha 6 kinamtaka mwenye mahali pa kazi atathmini hatari na achukue hatua kulingana na alichokiona. Taabu ni kwamba ploti ina wenyewe wengi. Mwenye nyumba anaishi mbali, wakala anakusanya kodi, keateka ana ufunguo, na mpangaji ndiye aliyempigia fundi simu. Kila mmoja hudhani jukumu ni la mwenzake, na mafundi wengi hawana mwajiri: wamejiajiri wenyewe. Tunaomba Mamlaka yako na Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini mtoe tamko moja la pamoja, la lugha nyepesi, linalosema nani hasa anawajibika kwa tathmini hiyo katika nyumba ya kupangisha. Je, tamko hilo linawezekana, na lini?

Tunaloomba liandikwe si jambo zito. Linaenea ukurasa mmoja. Stima ya hapa inatoka wapi, na je, kuna chanzo cha pili? Swichi gani inaizima, na imefungwa kwa kufuli ili keateka akiona gorofa iko gizani asiiinue? Kipimo kimejaribiwa kwanza mahali panapojulikana pana stima, kikatumika kupima hapa, kisha kikarudishwa kujaribiwa tena, ili tujue hakikufa katikati ya kazi? Sakafu ni kavu? Ngazi imeshikwa na nani? Nani yuko chumba cha pili? Swali hili la mwisho si la kujaza karatasi. Kipimo cha kuchunguza uzima wa ganda la waya husukuma volti 500 ndani ya nyaya. Mama anayechomeka pasi upande wa pili wa ukuta bila kujulishwa anaweza kupigwa na kipimo chenyewe, ilhali swichi kuu imezimwa na kila mtu anaamini pako salama. Tunaomba ukurasa huo uwe sehemu ya lazima ya cheti, wenye sahihi na saa, na nakala yake ibaki kwa mwenye nyumba.

Kuhusu vipimo vyenyewe tunalo lalamiko. Chombo kinachoaminiwa zaidi Eastlands ni tesita, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani. Taa hiyo huwaka kwa sababu mkondo mdogo mno unapita mwilini mwa anayeishika kuelekea ardhini. Fundi akiwa amesimama juu ya kiti cha plastiki, au jua likipiga dirishani, mwanga wake unaweza kufifia asiuone, naye akaamini waya umekufa. Tesita inaweza kukwambia stima ipo. Haifai kuaminiwa inapokwambia haipo. Kijana anayeanza kazi hununua tesita kwa bei ndogo na kukiacha kipimo halisi cha nyaya mbili kwa sababu ya bei. Je, Mamlaka yako inakagua vyombo vya fundi anapoomba leseni au kuihuisha, au inakagua karatasi peke yake?

Eastlands ina hatari nyingine inayotokana na umri wake. Kaloleni ni ya miaka ya 1940, Buruburu ya miaka ya 1970 na 1980, na ghorofa za Tassia na Pipeline zinaendelea kuinuka hadi leo. Rangi za nyaya zimebadilika katikati ya safari hiyo. Kwa hesabu ya zamani, nyekundu ni waya wa moto na nyeusi ni wa kurudi. Kwa hesabu mpya, ambayo Uingereza iliianza 2004, kahawia ni wa moto na samawati ni wa kurudi. Penye nyaya tatu za moto, zile za volti 415 wanazotumia wachomeleaji wa Kariobangi Light Industries, rangi zinapingana kabisa: samawati ya zamani ilikuwa waya wa moto, ya sasa ni ya kurudi, nyeusi ya zamani ilikuwa ya kurudi, ya sasa ni mmojawapo wa nyaya za moto. Nyumba iliyoongezwa chumba juu ya chumba hubeba hesabu zote mbili ndani ya kisanduku kimoja. Fundi aliyefunzwa juzi na fundi aliyefunzwa miaka 30 iliyopita wataangalia waya uleule mweusi na kufikia uamuzi tofauti, na mmoja wao atakuwa amekosea. Tunaomba kila kisanduku chenye mchanganyiko kibandikwe onyo, na mafundi wa zamani wapewe mafunzo ya siku moja karibu na wanakoishi. Je, mtaweza?

Kuna pia chanzo cha pili tulichokigusia. Katika ploti nyingi mwenye nyumba ana mita moja kubwa ya Kenya Power, na ndani yake kuna mita ndogo za tokeni kwa kila chumba. Duka la chini lina jenereta. Jirani ametega waya kupitia dirishani. Mukuru na kwingineko kuna laini za sambaza, zilizounganishwa kinyume cha sheria, zinazopita juu ya mabati bila swichi inayojulikana. Fundi akizima swichi iliyoandikwa jina la chumba, anaweza kukuta stima ikimfikia kutoka upande ambao hakuutarajia. Waya wa kurudi uliounganishwa na wa chumba kingine unaweza kumpiga hata kama wa moto umezimwa. Hatukuombi leo uumalize uunganishaji haramu. Hilo lina historia ndefu ya umaskini na ahadi. Tunaomba jambo dogo linalowezekana: mwenye nyumba ya kupangisha alazimike kubandika kando ya mita mchoro unaoonyesha kila swichi inalisha nini, na autengeneze upya kila anapogawanya chumba. Ni ukurasa mmoja na gundi. Utakubali kuufanya uwe sharti?

Mkurugenzi Mkuu, turuhusu tuingie bafuni. Shawa ya kuchemsha maji papo hapo imekuwa kitu cha kawaida katika nyumba za kupangisha. Shawa ya kilowati 5 kwa stima yetu ya volti 240 huvuta takriban ampea 21, mzigo mkubwa kwa waya mwembamba uliokusudiwa taa. Waya hupata moto, ganda hulainika, na siku moja mpangaji anasema bomba linapiga stima. Fundi anaitwa, anasimama pale pale penye maji, anaanza kutafuta. Kifaa kinachokata stima mara inapovuja, kile cha miliampea 30, kingemlinda yeye na mpangaji pamoja. Ili wasomaji wapate kipimo cha udogo huo: taa ya wati 10 huvuta takriban miliampea 42. Kiasi cha mkondo unaowasha taa moja ndogo kinatosha kuutia moyo wa mtu hatarini, na kifaa hicho hukata upesi kabla haujafanya hivyo. Tunaomba kujua: je, shawa inaweza kupitishwa katika cheti bila kifaa hicho? Na kama haiwezi, ni nani anayekwenda kuhakikisha?

Nje ya bafu kuna roshani. Kuna majengo Eastlands yaliyoinuka hadi anayeanika nguo anakaribia kuzifikia nyaya za barabarani, ambazo hazina ganda na hubeba volti elfu kadhaa. Fundi anayekagua taa ya roshani kama hiyo akiwa na ngazi ya alumini amebeba hatari ambayo hakuna glavu ya dukani itakayoizuia. Tunafahamu kwamba ujenzi ni wa kaunti na laini ni ya Kenya Power. Mwananchi aliyechoka kurushwa kutoka ofisi hadi ofisi anauliza swali jepesi: akiona jengo limesogelea nyaya, alipeleke wapi lalamiko lake, na apewe jibu ndani ya siku ngapi?

Ukaguzi wetu wa nyumba hufanyika kwa makini siku mita inapofungwa. Baada ya hapo nyumba hukaguliwa na ajali. Skrubu hulegea kwa joto la miaka, panya hula waya, mpangaji huongeza friji na oveni. Uingereza, ambako kanuni zetu nyingi za nyaya zina asili, ilipitisha mwaka 2020 kwamba nyumba za kupangisha za watu binafsi nchini England zikaguliwe angalau kila baada ya miaka 5 na mpangaji apewe ripoti. Hatusemi tuige kila kitu, wala hatutaki gharama itupwe juu ya kodi ya mtu wa Kayole. Tunasema ploti inayoingiza kodi kila mwezi inaweza kugharimia ukaguzi mmoja katika miaka mitano. Ukaguzi wa mara kwa mara humfaa fundi pia: hukuta nyumba inayojulikana, yenye ripoti ya jana, badala ya kufungua kisanduku ambacho hakijafunguliwa kwa miaka 20. Je, Mamlaka yako ina mpango wa jambo hili?

Sasa tuseme la wasaidizi, kwa uchungu lakini bila kuficha. Mwenye leseni hupokea kazi, na anayepanda ngazi mara nyingi ni kijana asiye na leseni, anayejifunza kwa kutazama. Hatumdharau, ufundi wa Eastlands umerithishwa hivyo tangu zamani, na mikono mingi hodari imepikwa katika jua kali. Lakini cheti kikitiwa sahihi na mtu ambaye hakufika kwenye jengo, sahihi hiyo inawadanganya wote watakaolala humo. Serikali ilizindua mwaka 2024 sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani ina majaribio ya ufundi kwa viwango. Tunaomba mtengeneze njia fupi na ya bei nafuu ya kumtoa kijana huyu kwenye kivuli hadi kwenye sajili yenu, na somo la kwanza liwe tathmini ya hatari. Na tunaomba mtu aliyepima naye atie sahihi, chini ya jina la aliyemtuma. Je, mnaafiki?

Tunakumbuka Mradi, Embakasi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ilipolipuka na moto ukaingia katika nyumba za watu. Mamlaka yako ilieleza kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali pale yalikataliwa mara tatu mwaka 2023: Machi, Juni na Julai. Uamuzi ulikuwa sahihi, na bado watu walikufa. Tunalileta jambo hili kwa sababu lilitufundisha, sisi na nyinyi, kwamba karatasi iliyoko Upper Hill haifiki Embakasi kwa miguu yake. Ukurasa wa tathmini tunaouomba utakuwa na maana endapo maafisa wenu watatokea bila taarifa, katika ploti chache kila mwezi, na kuuliza: uko wapi? Ni maafisa wangapi wanaofanya kazi hiyo Eastlands kwa sasa?

Ombi la mwisho ni la hesabu. Ajali za stima zikiripotiwa, tunaomba takwimu zigawanywe kwa mtaa na kwa kazi iliyokuwa ikifanyika: kufunga, kukarabati, au kukagua. Fundi aliyejiajiri akifa katika ngazi ya ploti, familia huchanga, huzika, na jambo huisha. Kifo kisichohesabiwa hakimfundishi mtu. Tungependa kujua jinsi kifo cha namna hiyo kinavyoifikia ofisi yako, na kama kuna njia ambayo jirani asiye na cheo anaweza kukiripoti.

Kwa mafundi na wenye nyumba wanaousoma waraka huu nyuma ya bega lako, tunaongeza neno moja. Msingojee Upper Hill ijibu ndipo mzime swichi kuu. Kufuli ni la bei ya chakula cha mchana. Mpangaji, fundi akikuomba nusu saa ya giza ili afanye kazi salama, mpe, hata kama mechi inaendelea.

Sheria ya Kupata Habari inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu, na pale ambapo habari inagusa uhai wa mtu, saa 48. Maswali yetu yanagusa uhai, lakini tunajua yanahitaji mashauriano, kwa hiyo tunaomba yajibiwe ndani ya siku 21. Jibu lako tutalichapa lote bila kulipunguza, katika ukurasa huu huu. Ikiwa baadhi ya tuliyoyaomba tayari mnayatekeleza, tutafurahi kusahihishwa, na tutawaeleza wasomaji waziwazi.

Katika siku hizo 21 kuna Jumamosi tatu. Jumamosi ndiyo siku ambayo wapangaji wako nyumbani na mafundi huitwa. Tunaomba hilo liwe mbele yako unapoupangia waraka huu zamu yake mezani.

Wako kwa heshima na katika huduma ya umma,

Wahariri